Kitunga Kitupu cha Mama Sesilia

Ndugu zangu wa kalasi ya mangaribi, tuliosoma pamoja jioni, mumeniuliza kisimani, mumeniuliza mlangoni mwa kanisa, na juzi mmoja wenu aliniuliza nikiwa juu ya paa natandaza nyasi, karibu nianguke kwa kumjibu. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila mmoja anakwenda na kipande chake na kukiongezea mkia. Nayaandika yote hapa mara moja. Habari ya karatasi za ruhusa ya kusafiri naiacha. Mnajua zinavyopatikana, na asiyejua ana bahati. Nitasema kweli tupu. Pale kweli ilipokuwa nyembamba nimeinenepesha kidogo, kama mtu anavyonenepesha mbuzi kabla ya sikukuu.

Kwanza sababu ya safari. Mama yangu, Sesilia, alizaliwa msituni Walikale, akaolewa hapa milimani Masisi kabla miye sijazaliwa. Mwaka huu kidonda kilimtokea ndani ya shavu, kikakataa kila dawa. Papa Yosefu, enfirmie wetu, muuguzi anayetugawia dawa, akampeleka kwa yule daktari mzungu anayezunguka na kisanduku chake. Kisanduku chenyewe ni kidogo kama mkate, lakini nilipojaribu kukiinua nilidhani kimepigiliwa misumari mezani. Ndani mna sindano za radiumu. Daktari alisema ugonjwa unaitwa kansere, na kwamba sindano zinalazwa shavuni siku kadhaa, zinauchoma ugonjwa bila moto, kisha zinatolewa. Ilipasa zilazwe mara mbili. Kuzilaza mara moja tu na kuacha, alisema, ni kama kukata mti hadi katikati na kurudi nyumbani kulala.

Mara ya kwanza ilipita. Baadaye kinywa cha mama kikajaa vidonda, chakula chote kikawa na ladha ya majivu, naye akakonda hata nikimshika mkono naona nimeshika mpini wa jembe. Daktari angerudi baada ya Jumapili tatu. Mama akageukia ukuta.

“Miye sirudie kule,” akasema. “Munipe ndizi yangu, munipe ukuta wangu, basi.”

Papa Yosefu alimbembeleza, padri alimbembeleza, miye nilimsomea kwa sauti sehemu za cheti changu ili aone mtoto wake si mtu wa kuachwa ovyo. Hakugeuka. Siku ya tatu tu akasema maneno mengine: dada yake mdogo, Mama Mangaza, ndiye aliyekuwa akimkanda miguu walipokuwa wasichana, wakitoka kuvua kaa mtoni. “Mangaza akikuja kunikanda, nitarudia kwa sindano. Asipokuja, musiniambie tena.” Kisha akaonyesha ukutani. “Chukua kitunga changu. Atajua miye njo nimekutuma. Atakijaza.”

Njo hivyo nilivyoondoka: Jumapili tatu mkononi, na kitunga kitupu cha mama mgongoni, mkaba wake, ule mshipi wa kubebea, umefungwa kwenye paji la uso wangu kama wanavyofanya wanawake wa kwetu.

Masisi hadi Nyabiondo: juu ya mbao

Nilipata nafasi kwenye lori la mbao. Kusema nafasi ni heshima. Nilikaa juu ya mbao, na juu yangu walikaa kuku wa watu wawili. Vijana wa kupakia mizigo walipoona kitunga walishika mbavu.

“Kaka,” mmoja akaniuliza, “umeolewa upande gani?”

“Mume wako ni muntu muzuri?” akauliza mwingine. “Anakupatiaka chumvi?”

Niliwajibu kwamba nimemaliza kalasi ya mangaribi, nina cheti chenye mhuri, na mwenye mhuri anaweza kubeba anachotaka. Hawakusoma, basi walicheka hadi kona ya tatu. Kwenye kona ya nne lori likazama matopeni na kicheko kikahamia kwangu. Tulilisukuma mpaka jua likageuka. Nawaapia, tope lilikuwa la kina cha kumzika ng'ombe na pembe zake zisionekane. Mwishoni mwenye mbao aliamuru zishushwe zote, lori likatoka, zikapakiwa zote tena, na miye nilibeba nyingi kuliko mtu yeyote, labda isipokuwa wale vijana.

Nyabiondo nilipewa maharagwe na ndizi na mama mmoja aliyekuwa na sufuria kubwa kando ya barabara. Alikitazama kitunga, akanitazama miye, akaongeza maharagwe bila kuombwa.

“Ni cha nani?”

“Cha mama yangu.”

“Pole, mutoto.”

Nikamshukuru. Nilikuwa nimechoka kweli, na ni vizuri kukutana na mtu anayeona uchovu wa mwenzake. Baadaye nilisikia kwamba naye alikuwa mzaliwa wa kule msituni.

Nyabiondo hadi Pinga: ninavyoheshimiwa

Toka hapo ni miguu. Njia inashuka, inapanda, inashuka tena, kana kwamba aliyeichora alikuwa na kifafa. Siku ya kwanza mvua ilinyesha hata vyura wakatafuta pa kujificha. Nilisubiri chini ya banda la mtu wa muhogo hadi kesho yake, na hiyo ni siku nzima niliyopoteza. Nilihesabu Jumapili zangu kwa vidole na sikupenda nilichokiona.

Lakini ndugu zangu, sikilizeni jambo hili. Kadiri nilivyoteremka kuelekea msituni, ndivyo watu walivyozidi kuwa na adabu. Milimani walinicheka. Huku hakuna aliyecheka. Wanaume walinipisha njiani. Mwindaji mmoja mwenye mbwa wawili alisimama kando, akavua kofia yake ya ngozi, akawashika mbwa midomo wasibweke. Kila nilipofika kijijini nilipewa kiti bila kuuliza, samaki mkavu kwa sombe ya majani ya muhogo, na maji ya kunawa yakiletwa na mtu mzima. Walisema “pole, kaka,” kisha wakatazama chini. Hakuna aliyeniuliza habari.

Nilifikiri sana juu ya heshima hii. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope. Nikatazama kalamu iliyochomekwa mfukoni mwa shati. Nikakata shauri kwamba ni kalamu. Habari za kalasi yetu, nilijiambia, zimefika mpaka Pinga, na watu hawa wanajua kumpokea msomi. Toka hapo nikawa natembea polepole kidogo, na nikikaribia nyumba za watu nakohoa kwanza.

Kuvuka Oso

Mtoni nilimkuta mwenye mtumbwi, mzee mnene anayeitwa Papa Mateso. Mtoni kila mtu hupiga kelele, hubishana, hutukanwa kidogo ndipo avushwe. Miye hakuna aliyenitukana. Nilipotoa chumvi niliyobeba kwa ajili yake, alirudisha mkono wangu.

“Hapana. Kwa kitunga kama hiki hatukamataka kitu.” Akauliza tu ninakwenda kwa watu gani. Nikataja kijiji, nikamtaja mjomba Petro, kaka mkubwa wa mama. Akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema anamjua, ni mtu mwema, Mungu amtie nguvu.

Nilimwambia mjomba ana nguvu za kutosha, namjua tangu utotoni, anaweza kubeba nguruwe mwitu peke yake. Papa Mateso alinitazama kwa huruma kubwa. Tulipofika ng'ambo akamwambia jambo ndugu yake kwa lugha ya kwao, na sijaenda hatua mia nilisikia ngoma ya gogo ikianza kulia nyuma yangu. Ikanyamaza. Mbele kabisa, ndani ya msitu, nyingine ikaijibu.

Mnaijua hali ya mtu anayetangazwa? Nilinyoosha shati.

Kijijini: nakula matanga ya mama yangu

Nilifika kesho yake alasiri. Kutoka mbali nilisikia wanawake wanalia, nikasikitika kwamba nimefika siku ya msiba wa watu. Nikatengeneza uso wangu ufae, nikaingia uwanjani. Walikuwa wamejaa kama nzige, sisemi watu mia tano, lakini wangekuwepo wote mia tano kama kijiji kingekuwa nao. Mbuzi wawili walikuwa tayari vyunguni. Mjomba Petro alikuwa amekaa chini, kichwa kimenyolewa. Nilipoonekana, kilio kikapanda, na mwanamke mmoja akanijia mbio, akaanguka kwenye miguu yangu, akakikumbatia kitunga kwa mikono miwili.

Nilimtambua. Alikuwa Mama Mangaza mwenyewe.

Nikakaa nao, maana mgeni hawezi kuuliza ni nani amekufa kabla hajakaa. Wakaniletea nyama. Nikala, nilikuwa na njaa ya kutwa nzima. Wakati huo wanawake wakaanza kusimama mmoja mmoja na kuimba mambo ya marehemu, mazuri na ya kuchekesha, kama desturi yao. Mmoja aliimba jinsi marehemu alivyoanguka mtoni na kikapu cha kaa, kaa wakamshika masikio. Mwingine aliimba jinsi alivyowakataa wachumba watatu hodari wa msituni, akamfuata mtu mmoja wa milimani mwenye masikio makubwa.

Hapo mfupa ulisimama mdomoni mwangu. Baba yangu alikuwa wa milimani. Na masikio yake, ninyi mnaoniona miye, mnaweza kuyakadiria.

Nikamgeukia mjomba, nikamuuliza kwa sauti ndogo ni nani tunayemlilia.

“Mama yako, mutoto wangu,” akasema. “Nani mwengine?”

“Mjomba, mama hajakufa.”

“Pole. Kufa kunachanganyaka kichwa.”

“Mjomba, nilimwacha amelala kitandani, anakataa uji.”

Mjomba akanyanyua kidole, akakionyesha kitunga.

“Sasa hiki?”

Njo hapo nilipofundishwa kile ambacho kalasi ya mangaribi haikunifundisha. Kwa watu wa msituni, kwao mama yangu, mwanaume habebi kitunga cha mwanamke mgongoni, mkaba kwenye paji, kikiwa kitupu, isipokuwa kwa safari moja tu: mwenyewe amekufa ugenini, na mtoto wake anarudisha kitunga kwa waliomzaa. Na mwenye kukibeba haulizwi habari ya kifo njiani mpaka afike na kukaa. Mama alikuwa amekaa milimani miaka mingi hata amesahau, ao ugonjwa ulimsahaulisha. Watu wote walionipa samaki, kiti, maharagwe, yule mwindaji na mbwa wake, hakuna aliyeiona kalamu yangu.

Nilieleza yote: shavu, kansere, sindano, vidonda vya kinywa, ukuta. Nilipomaliza, Mama Mangaza alinipiga kofi moja la begani ambalo nalisikia mpaka leo mvua ikitaka kunyesha, kisha akanikumbatia akicheka na kulia. Watu wakaanza kucheka nyuma yake. Mjomba alikipapasa kichwa chake kilichonyolewa.

“Na nyele zangu?” akauliza. “Nani atazirudisha?”

Basi ikabaki habari ya kwenda. Mume wa Mama Mangaza, Papa Karoli, mtego wake wa samaki ulikuwa ndiyo kwanza umefungwa, na alikuwa amesema wazi kwamba mke wake haendi milimani kukanda miguu ya mtu kwa mwezi mzima. Miguu ya milimani ikandwe na watu wa milimani. Miye nilianza kumsihi, nikaona Jumapili zangu zinayeyuka. Ndipo bibi mmoja mkongwe, shangazi yao, akasema neno kutoka kwenye mkeka wake.

“Nyimbo tumeziimba,” akasema. “Za mufu haziimbwake bure. Kama mwenyewe iko hai, lazima azisikie kwa masikio yake, kinywani mwa ndugu yake, zote. Haziwezi kubakia hapa kwetu zinatembea.”

Papa Karoli alitazama wazee, wazee wakamtazama. Akainuka kwenda kufunga mzigo wake. Alisema kama mke wake anakwenda kuimba, naye anakwenda kuhakikisha haongezi maneno.

Kitunga kilijazwa asubuhi: kibuyu cha asali ya porini, mawese, samaki wakavu, mchaichai, na majani fulani ambayo Mama Mangaza hakutaka niyaulize. Safari hii alikibeba yeye.

Kurudi: deni la machozi

Kwenda kulikuwa kwa polepole kwa sababu ya usomi wangu. Kurudi tulikimbia. Mama Mangaza alitembea mbele, mzigo mgongoni, akijaribu nyimbo zake, na Papa Karoli nyuma akimsahihisha.

Kwenye Oso, Papa Mateso alimtazama aliyebeba kitunga, akanitazama miye, akauliza kilichotokea. Tulipomweleza alikaa chini ndani ya mtumbwi wake.

“Nilikuvusha kwa machozi,” akasema. “Ndugu yangu akapiga ngoma mpaka mikono ikavimba. Na muntu iko anakataa uji.”

Hakukubali kutuvusha kabla hajalambishwa asali. Akalamba, ndugu yake akalamba, na mbwa akapata kizibo. Kijiji baada ya kijiji ilikuwa hivyo: wote walionisikitikia walitaka maelezo, na maelezo yalitaka kukaa. Tulipoteza siku mbili kwa kusamehewa. Nyabiondo yule mama wa maharagwe alinipa sahani ndogo kuliko ile ya kwanza, akasema hii njo kipimo cha watu ambao mama zao ni wazima.

Lori hatukupata. Tulipanda Masisi kwa miguu, Papa Karoli akilalamika kwamba ardhi imesimama wima kama ukuta na watu wanaoishi juu yake wanapaswa kujifunga kwa kamba. Tulifika Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya tatu.

Masisi: tunagawana mgonjwa

Mama alikuwa bado kwenye ukuta wake, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Mama Mangaza hakulia. Alikaa mwisho wa kitanda, akafunua blanketi, akapasha mawese kidogo juu ya moto, akaanza kukanda nyayo.

Papa Yosefu aliingia akakuta majani yanapondwa. Wakasimama wakitazamana, koti jeupe na kitambaa cha kichwa, miye katikati nikijitayarisha kutafsiri vita.

“Majani kwa shavu, hapana,” akasema Papa Yosefu. “Mahali sindano zimepita ngozi imeungua. Mukitia kitu, kitaoza.”

“Na miguu?”

Akafikiri. “Miguu hainihusu.”

“Mugongo?”

“Pakaa tu.”

“Asali?”

“Kidogo, ndani ya maji ya vuguvugu, asukutue, ameze. Ikimuwasha, muache.”

“Na nyimbo?”

Papa Yosefu alisema hana karatasi inayokataza nyimbo. Mama Mangaza akakusanya majani yake yote, akayatupa nje kwa mkono wake mwenyewe, na hilo kwa mtu wa msituni si jambo dogo. “Basi,” akasema, “wewe ukamate shavu. Miye nakamata yenye kubakia.”

Kisha akaanza kuimba matanga, wimbo baada ya wimbo, polepole, akikanda. Mama alisikiliza akiwa ameelekea ukuta. Wimbo ulipofika pale kaa walipomshika masikio, bega lake lilitikisika. Nilidhani analia. Mama Mangaza akaendelea: wachumba watatu hodari wa msituni, mtu mmoja wa milimani mwenye masikio makubwa.

Mama akageuka. Mara ya kwanza tangu ageukie ukuta niliona uso wake wote.

“Wane,” akasema. Kinywa kilimuuma, lakini alirudia. “Walikuwa wane.”

“Watatu,” akasema Mama Mangaza, bila kuinua macho kutoka kwenye nyayo.

“Wane. Umesahau mufua chuma.”

“Yule hakukuposa. Alikuja kutengeneza jembe.”

“Alikuja na jembe lake mwenyewe lililo zima!”

Wakabishana mpaka uji ukapoa, na mama akiwa anabishana aliumeza wote, kijiko baada ya kijiko, kwa sababu Mama Mangaza alikataa kumjibu kabla hajameza. Papa Karoli alikaa mlangoni akisema hajui habari ya mfua chuma wala hataki kuijua. Kisha mama akataka kujua ni nani aliyelia vizuri, ni nani aliyelia kwa sababu ya nyama, na kwa nini mjomba alinyoa upara kabla ya kuhakikisha.

Daktari alifika Jumatatu na kisanduku chake. Mama alikwenda kwa miguu yake. Sindano zikalazwa, na siku zile zote hakuweza kusema neno, shavu limefungwa, maumivu yanapanda hadi sikioni. Sitawadanganya hapa, zilikuwa siku mbaya. Daktari alitukataza kukaa karibu na shavu kwa muda mrefu, lakini mwisho wa kitanda, alisema, inaruhusiwa kidogo kidogo. Mama Mangaza akawa anakaa huko, anakanda, anaondoka, anarudi. Kila alipoona dada yake amefumba macho kwa uchungu na vidole vya miguu vimejikunja, aliuanza wimbo wa wachumba. Watatu, aliimba, wachumba watatu hodari wa msituni. Na kutoka chini ya blanketi mkono ulitoka, mwembamba kama mpini wa jembe, ukasimama hewani na vidole vinne.

Sindano zilitolewa. Nilimuuliza daktari kama amepona. Alisema kidonda kinafunga, atamtazama tena kila akipita hapa, na kwamba jibu la kansere halipatikani siku moja. Akauliza mgonjwa huyu alikula nini, maana wengi huanguka katikati. Papa Yosefu akamjibu kwa Kifaransa, kwa maneno mengi sana. Mama Mangaza aliniuliza enfirmie amesema nini. Nikamwambia amesema ugomvi.

Sasa hivi ninapoandika, kitunga kinaning'inia tena kwenye ukuta ule ule, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Mama amesema safari ijayo kwenda Walikale atakibeba yeye mwenyewe, mbegu za maharagwe zimejaa hadi juu, apite mbele ya kila mtu aliyenipa kiti, wamuone. Kila asubuhi anajizoeza. Anaweka mkaba kwenye paji la uso, anatoka na maharagwe kidogo ndani, Mama Mangaza nyuma yake. Wiki iliyopita alifika kisimani. Ijumaa alifika mpaka kwa Papa Yosefu, akamkuta amesimama mlangoni na watu wake wanaongoja dawa. Hakumsalimia kwanza, wala hakutua mzigo.

“Enfirmie,” akamwambia mbele ya watu wote, “andika kwa kitabu chako. Walikuwa wane.”